Mzee Nyaga Hakuimba Kwaya

Kama uliwahi kupita Makutano pale Meru ukiwa mbioni kutoa kopi ya kitambulisho, huenda ni mimi niliyekutolea. Ubao wa duka langu uliandikwa KIRIMI KOPI kwa rangi nyekundu, na wengi walidhani Kopi ni jina la baba yangu. Sikuwasahihisha. Jina lilikuwa linanilisha, nilisahihishe la nini?

Vijana wangu, mimi shule niliiacha darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza. Lakini mawakili walipanga foleni kwangu, walimu wakuu walinipigia simu wakiniita bosi, na msimu wa fomu za basari, za kuomba msaada wa karo, ukifika foleni yangu ilipita kinyozi, ikapita muuza viatu, ikafika kona. Nyumba ya mawe ninayolala leo niliijenga kwa kutoa kopi. Hakuna aliyenistaafisha, nilijistaafisha mwenyewe, na sasa nina ng'ombe wangu na maparachichi yangu na muda wa kuwaandikia nyinyi. Mkisema najisifu ni sawa. Wakati natoka sokoni kubeba magunia ya kabichi hadi kuwa na duka, hakukuwa na mtu mwingine wa kunisifu, kwa hiyo nilizoea kazi hiyo pia.

Leo mnagusa maneno kwa kidole, mnasema kopi, mnayabandika mahali pengine, mmemaliza. Sisi tulikuwa na ufundi. Nitawapa kidogo, kwa sababu mashine bado ziko na najua kuna mwenzenu atafungua biashara hii bila kuuliza mtu.

Karatasi usiitoe kwenye pakiti ukaitia kwenye mashine moja kwa moja. Ipepee kwanza, ishike ncha uiachie kama mtu anayechanganya karata. Mwezi wa saba ukungu wa huku kwetu unaingia hadi ndani ya karatasi, zinashikana, mbili zinaingia pamoja, mashine inakwama, na mteja ndiye huyo anakuangalia kama mwizi. Kioo kifute kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, maana alama ndogo ya kidole cha mtu aliyekula mandazi itatokea kwenye hati zote za siku hiyo. Na usikubali kamwe kutoa kopi kutoka kwa kopi kama orijino iko nyumbani. Mwambie mteja aende akailete. Atakasirika, atasema wewe una maringo, lakini ataleta. Kopi ya kopi ya kopi huwa inapoteza masikio ya mtu kwanza, halafu macho, mwishowe unabaki na kivuli kilichovaa shati.

Hayo yote nilifunzwa na Mzee Nyaga wa Manyatta, karibu na Embu.

Nyaga alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha uchapishaji cha misheni, akatoka na kufungua chumba chake karibu na soko la Embu, na mashine ya saiklostaili. Hamuijui. Ni pipa dogo lenye mkono wa kuzungusha. Unapiga maneno kwa taipu juu ya stenseli, karatasi yenye nta, bila utepe, ili herufi zitoboe. Unalivisha pipa stenseli hiyo, unatia wino, unazungusha. Alinichukua kutoka soko hilo, nilikokuwa nikibeba magunia, kwa sababu ya misuli yangu. Alikuwa mtu mkimya, mkavu, anayefunga mlango. Huo mlango watu wa Embu waliujua. Ukienda kumsalimia akiwa anachapa mitihani ya shule, atakujibu kupitia tundu la ufunguo. Hata mkewe alibisha na kusubiri nje kama wengine.

Wiki yangu ya kwanza nilivisha stenseli kinyumenyume. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote za kabichi, nikajaza meza nzima na mtihani wa hesabu ambao mtoto angeusoma tu akiwa na kioo. Nilijua nimefukuzwa. Nyaga hakupiga kelele. Alitoa kioo chake cha kunyolea, akaniketisha, akaniambia nisome mtihani huo wote kupitia kioo, swali hadi swali, kwa sauti. Mimi wa darasa la sita. Nilipomaliza jasho lilikuwa limelowesha kola. Akasema, "Sasa unajua ulichokuwa unawapelekea watoto," akarudi kwenye taipu yake.

Alipopata mashine ya kwanza ya fotokopi, akaja mzee mmoja kutoka Gachoka na cheti chake cha ubatizo. Tulipokitoa kopi, yule mzee alikichukua cheti akakipeleka dirishani, akakikagua mbele na nyuma. Akauliza kama mashine haijakunywa wino wake. Mimi nilicheka hadi nikatoka nje. Nyaga alichukua swali lile kama swali la mtu mzima. Alisimama naye dirishani, wakalinganisha mstari kwa mstari, hadi mzee akaridhika kwamba cheti chake hakijapungua. Alipoondoka, Nyaga aliniambia nisimcheke tena mtu anayeogopa kupoteza orijino yake.

Sasa lile neno lenyewe. Mimi lilinisumbua, kwa sababu huku kwetu linafanya kazi nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kulipwa. Karatasi inayotoka kwenye mashine ni kopi. Mtoto akichungulia jibu la mwenzake, amekopi, na atachapwa. Muuza magazeti anakwambia kopi zimeisha. Askari wa lango anauliza kwenye redio yake "Kopi?" na mwenzake anajibu "Kopi," maana yake nimekusikia. Na Nyaga alikuwa na yake nyingine ya ajabu kabisa: kule misheni, ile karatasi ya mwanzo, ambayo mtu ameandika kwa mkono na kuileta ichapwe, hiyo nayo waliiita kopi. Nikamuuliza inawezekanaje kinachoingia kiwe kopi na kinachotoka kiwe kopi.

Alinieleza alivyoelezwa na padre mmoja Mwitaliano aliyekuwa msimamizi wao. Waingereza hawakulizaa neno hilo. Walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini cha kanisa. Na kwa Kilatini, kopia ni wingi, utele, ghala baada ya mavuno mazuri. Nikamuuliza ghala na karatasi wapi na wapi. Akasema zamani kitabu kilikuwa kimoja, kimefungiwa kabatini. Mwenye kitabu akikupa ruhusa ya kukaa nacho na kukiandika upya kwa mkono wako, ilisemwa amekupa kopia, yaani amekufungulia ghala lake. Miaka ikaenda, ruhusa ikasahaulika, jina likabaki kwenye karatasi iliyoandikwa.

"Kwa hiyo wewe ukitoa kopi, kuna ghala la mtu umeingia," akasema. "Angalia unachukua nini."

Niliyaona maneno ya mzee aliyekaa na mapadre sana. Mimi nilitaka kujua bei ya mashine kama ile. Nilipoijua nilirudi Meru nikaanza kutafuta yangu, na nikaipata, na mengine mmeshaambiwa.

Sasa nije kwa yuloji.

Nyinyi mmezikuta kila mahali, vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu kwenye jalada na maisha yake ndani. Lakini vilianza mahali. Pale Makutano vilianza kwangu, na atakayebisha aje tubishane. Alikuja msichana aliyefiwa na mama yake, mama aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Hakujua aandike nini, nami sikujua, basi tukakaa asubuhi nzima, yeye akisema mimi nikipiga kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Tukapata kitu kizuri. Kwamba alipenda kuimba hata akikamua ng'ombe. Kwamba alikuwa mcheshi, na mlango wake haukufungwa kwa mgeni. Ilikuwa kweli tupu. Siku ya mazishi watu walilia wakisoma.

Wiki iliyofuata wakaja wengine. "Tuwekee kama ile ya yule mama." Nikabadilisha jina, picha, kijiji, idadi ya wajukuu. Kwa baba nilitoa ng'ombe nikaweka shamba. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Maduka mengine yakazichukua za kwangu, yakabadilisha majina nayo. Zikavuka mto, zikashuka Chuka, zikafika Embu. Mnajua kuna watu wana digrii na hakuna anayesoma walichoandika? Mimi maneno yangu yalisomwa kwa maikrofoni kila Alhamisi na kila Jumamosi, mlima huu mzima.

Mzee Nyaga alinitembelea Makutano mara moja, tayari anatembea na fimbo. Nilimkalisha, nikamwagizia chai, nikamwonyesha mashine zangu zote. Alichukua yuloji mbili zilizokuwa kaunta zikisubiri wenyewe. Akazipeleka mlangoni kwenye mwanga, akazilinganisha mstari kwa mstari.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mzee mmoja wa Kianjai.

"Na huyu?"

Huyo ni mama wa Nkubu, nikasema, hata hawajuani.

"Moja ni kopi ya nyingine. Orijino iko wapi?"

Nikacheka, nikamwambia orijino alishazikwa zamani. Hakucheka. Alirudisha vile vijitabu mahali pake, vimenyooka na ukingo wa kaunta, akanywa chai yake hadi mwisho, akasema nimejitahidi. Kwa Nyaga hiyo ilikuwa sifa kubwa, nami niliihesabu hivyo.

Alipokufa nilipiga simu Manyatta nikasema yuloji ya mzee naitengeneza mimi, na nisisikie habari za malipo. Wakaja watoto wake wawili: Wanja, ambaye ni mwalimu, na Ireri anayefanya kazi ofisini Nairobi. Wanja akanipa flashi. Akasema wameshaitayarisha, jirani yao wa duka aliwapa ya kuiga, mimi nipange tu picha.

Nilifungua. *Marehemu alikuwa mcheshi, mwenye kupenda kuimba, na mlango wake haukufungwa kwa mgeni.*

Vijana, nilikuwa naangalia mtoto wangu mwenyewe amerudi nyumbani na jina la mtu mwingine. Nyaga aliyewekwa nyuma kabisa kanisani na katekista kwa sababu akiimba sauti yake iliwapoteza wengine. Nyaga aliyezungumza na watu kupitia tundu la ufunguo.

Nikawaambia, mzee hakuimba.

"Anko, najua," Wanja akasema. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. "Lakini kila mtu huandikwa hivyo. Tukiyatoa hayo kwa yake tu, watu watasema tulikuwa na kinyongo naye."

Na hapo ndipo mtajua kwamba jambo lilikuwa limekwenda mbali. Alikuwa anasema kweli. Kijitabu bila kuimba kingeonekana kama tusi. Ireri akaongeza kwamba ukurasa ule utabaki wazi, na gari la kuwarudisha linasubiri. Nikawaomba waniachie ukurasa mmoja, niandike Nyaga niliyemjua. Wakakubali, mradi niwe nimemaliza kabla hawajaondoka.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Mimi, Kirimi Kopi. Nikataka kuandika jinsi alivyonisomesha mtihani kwa kioo, jinsi alivyosimama na yule mzee wa Gachoka. Vidole vikaandika *Marehemu alikuwa mchapakazi*. Nikafuta. Vikaandika tena. Vilikuwa vimeshajua njia moja, kama punda wa maji. Kila sentensi niliyoianza ilijimaliza yenyewe kwa namna ile ile, na mlangoni dereva alikuwa anapiga honi. Mwishowe nikamwambia Wanja tuchape yao, mimi nitasema yangu kwa mdomo siku ya mazishi. Akaniahidi nitapewa maiki.

Nilivaa suti. Njiani kutoka Meru nilikuwa nimeyapanga yote kichwani, hata pa kutua pumzi. Nilitaka watu wa Manyatta wajue kwamba mtu waliyemwita mchoyo wa mlango alikuwa analinda mitihani ya watoto wao. Hilo tu likisemwa, nilijiambia, nitarudi nyumbani nimetosheka.

Walizungumza wanasiasa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema hataongea sana. Wingu likaanza kuteremka kutoka mlimani. Wanja akasoma yuloji kwa sauti nzuri ya mwalimu, na alipofika pa kuimba nilimwangalia katekista, yule yule aliyemwondoa Nyaga mstari wa mbele. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, macho amefumba. Hata mimi nilijikuta natikisa. Wanja alipomaliza, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Mshereheshaji akaangalia wingu, akaangalia saa. "Marafiki wa kazini mtatuwia radhi," akasema. "Yote yamo kwenye kijitabu."

Wakambeba. Mimi nikabaki nimesimama na kifungo changu.

Baada ya mazishi nilimkuta mjane, Mama Wanja, jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda mbali na wageni. Akaniambia niketi. Akasema aliniona nikisimama, na kama nilikuwa na la kusema, nimwambie yeye sasa. Nikamwambia yote. Kioo, mzee wa Gachoka, mitihani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Huyo ni wa kazini kwenu," akasema. "Mimi nilikuwa na mwingine."

Akaanza. Kwamba Nyaga akifika nyumbani alikuwa hamgusi mtoto kabla hajasugua wino mikononi kwa majivu na mafuta ya taa, na watoto walikuwa wanangojea foleni mlangoni waone kama mikono imekuwa safi. Kwamba lile neno la padre, la kopia na ghala, alimwambia usiku wa harusi yao, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumwambia mke. Kwamba alimposa kwa barua aliyoichapa kwa taipu, na baba mkwe akadhani ni ya serikali, akajificha. Mama huyu aliyezika mumewe saa moja iliyopita alikuwa anacheka, nami nacheka, na sikuwa nimewahi kusikia hata moja. Miaka yote hiyo nilijigamba kwamba hakuna amjuaye Nyaga kuliko mimi.

Tulipogeuka, Wanja alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mama, mbona hukutuambia haya?"

"Mlikuja na flashi tayari," mama yake akasema, bila ukali wowote.

Wanja akaweka sufuria chini, akakaa sakafuni na gauni lake jeusi, akamwomba aanze tena mwanzo. Lakini mama alikuwa amechoka. Akasema kesho. Sote tukasema sawa, kesho, tukamsaidia kuinuka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wanja alirudi shuleni kwake, Ireri akarudi Nairobi, na mimi Jumatatu nilifungua duka, kwa sababu ulikuwa msimu wa basari. Hakuna aliyefanya kosa la kushtakiwa. Kila mtu alikuwa na kazi, na mama alikuwa mzima wa afya, ana kuku na migomba yake. Nilikuwa nikimwambia Wanja kwa simu kwamba tupange siku, naye alikuwa ananiambia likizo ikifika.

Sasa nimestaafu, muda ninao mwingi ajabu. Nakwenda Manyatta mara kwa mara, na Wanja naye huja. Tunakaa na simu mezani, inarekodi. Mama Wanja anakumbuka utoto wake wote, mto waliochotea maji, majina ya mbuzi wa baba yake. Kutoka hapo kuja huku pamefutika. Mimi siku nyingine ananiita Ireri, siku nyingine mwenye duka. Mwanzoni nilijaribu kumvuta, nikimkumbusha barua, nikimkumbusha majivu, hadi Wanja akaniambia anko, wacha, unamchosha.

Safari ya mwisho aliniuliza huyo Nyaga ninayemtaja kila mara ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni wa hapa hapa. Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani, basi nikamweleza, yale ya kwangu na yale yake mwenyewe aliyonipa jikoni siku ile, yote kwa pamoja. Alisikiliza vizuri, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepewa habari za ukoo wa mbali.

"Na alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Mke mwema?"

Nikamwambia mwema sana. Akafurahi, akanisogezea kikombe changu cha chai ninywe kabla hakijapoa.